Darubini ya Bei ya Kati

Kuna aibu inayopita kama mafua, na kuna aibu inayohamia na kupanga vyombo. Ya Inspekta ilihamia Jumamosi asubuhi, kwa njia ya simu, kabla hajamaliza chai yake ofisini.

"Lile bomba lako," alisema fundi wa silaha wa makao makuu, bila hata kumaliza salamu, "nimelipima juu chini."

"Eeh?"

"Ni bomba."

"Najua ni bomba. La bunduki ya kienyeji."

"La pampu ya maji, afande. Hiyo unayoiita triga ni valvu." Fundi akakohoa, na Inspekta akajua fika kwamba kile hakikuwa kikohozi. "Halafu ile risasi aliyotolewa mwalimu begani ni ya bunduki ya kuwindia, ya kiwandani. Haiwezi kutoka kwenye bomba hili hata ukalibembeleza."

Simu ilipokatika, Inspekta alibaki ameshika kikombe bila kunywa. Jumatano jioni alikuwa ameingia kwenye karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, akamtoa mbele ya wateja na majirani akiwa bado na miwani yake ya kazi kichwani. Bomba lile alilivuta mwenyewe kutoka chini ya meza, akaliinua juu ili mpiga picha wa gazeti alipate vizuri. Alisimama ubavu, tumbo kalivuta ndani. "Silaha imepatikana," alisema, na picha ikatoka ukurasa wa mbele.

Kesi yenyewe aliiona nyepesi kama karatasi. Mke wa Cheche, mwalimu wa shule ya msingi, alipigwa risasi ya bega alasiri ya siku hiyo akianua nguo uani kwake. Majirani walisema asubuhi yake mume na mke walirushiana maneno mpaka kuku wakatawanyika. Juu ya kilima kinachotazamana na nyumba hiyo zilionekana alama za buti zenye soli iliyotobolewatobolewa na cheche za moto, na mwenye buti za namna hiyo mji mzima ni mmoja. Tena alipoulizwa alasiri ile alikuwa wapi, Cheche aliinamisha kichwa, akafunga mdomo, na hakuufungua tena mpaka leo. "Asiye na hatia husema," Inspekta aliwaambia waandishi. Hayo nayo yalichapishwa.

Jumatatu Cheche alikuwa apelekwe mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua. Kwa kosa hilo mtu huzeekea gerezani.

"Kwa hiyo ni pampu," alisema Konstebo kutoka meza ya pili. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekosa vyeo kadhaa kwa sababu ya mdomo wake, na hakuonyesha dalili ya kuutubia.

"Umesikia?"

"Simu yako ina sauti kubwa, afande. Nikuonyeshe zile picha tena?"

Aliweka simu yake mezani. Picha ya kwanza ilikuwa ya nyasi kileleni mwa kilima, mahali alipolala mpiga risasi.

"Tazama rangi. Njano. Nyasi zikilaliwa siku moja, kesho yake zinainuka zenyewe. Hizi zimelaliwa miezi. Huyu mtu alikuwa na kitanda pale."

"Na buti za Cheche?"

"Zinapanda mpaka hapa. Zinasimama. Zinageuka, zinashuka. Kwenye nyasi hazikufika." Konstebo alifuata njia ya buti kwa kucha juu ya kioo. "Mtu kaja, kaona kitu, karudi zake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapigwa picha."

Inspekta akainywa chai iliyopoa, yote, kama dawa. Kisha akajilazimisha kufikiri kama mtu anayelipwa mshahara. Kutoka zile nyasi hadi kamba ya nguo kulikuwa na umbali wa viwanja vitatu vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Kwa macho matupu, mwalimu angeonekana kama njiti ya kiberiti. Kwa hiyo mtu yule alikuwa na darubini juu ya bunduki yake. Na darubini za bunduki, katika mji ule, zilikuwa zinauzwa na mtu mmoja tu.

Duka la silaha lilikuwa katikati ya muuza rangi na muuza magodoro. Inspekta alivua koti la kazi garini, akamwacha Konstebo humo, akaingia na shati. Alikuwa amepanga kujitambulisha, lakini mbele yake kulikuwa na wanaume wawili waliokuwa wakinunua mafuta ya kusafishia mitutu, na mmoja wao alikuwa akimwambia mwenye duka, "Mama, hamuuzi mabomba ya pampu hapa? Nasikia siku hizi yanaua." Walicheka wote watatu. Habari ya mji mdogo haingoji simu ya makao makuu. Yeyote aliyewahi kuchota maji kwa pampu alikuwa amelitambua lile bomba tangu gazeti lilipotoka. Inspekta akajifanya anasoma bei za makoti ya mvua.

Wanaume walipotoka, mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimgeukia. "Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

"Nataka darubini ya bunduki," Inspekta akajisikia anasema. Uongo ulimtoka wenyewe, kwa kukimbia aibu tu. "Mfuko wangu si mnene, si mwembamba. Wa kati."

"Aa! Wa kati ndio wanaonizeesha. Tajiri anaokota ya juu anaondoka. Asiye nacho anachukua ya chini, anarudi kulia. Wa kati anataka bei ya huku na uzuri wa kule. Unawinda nini?"

"Nguruwe pori. Shambani."

"Umbali?"

"Kama mita mia tatu."

Mama aliivaa miwani ili amtazame vizuri. "Nguruwe, au ndege ya abiria?"

Alitandika kitambaa juu ya kaunta, akapanga darubini tatu nyeusi kama mama anayelaza watoto. "Sikiliza nikuepushe na majuto. Mtu wa mfuko wa kati hukosea palepale kila siku: analipia ukubwa wa picha. Anaona hii inakuza mara ishirini, anatoka mate. Lakini kwa bei yake, kioo cha mara ishirini ni kioo cha chupa. Jua likianza kuzama, na hapo ndipo nguruwe anapotoka, ataona uji. Wewe chukua hii ya mara nne, au hii inayokwenda mpaka tisa kama unapenda kujisifu. Lenzi yake ni safi. Haiingizi ukungu."

"Basi ni hiyo tu?"

"Tulia. Pete." Akagonga vyuma viwili vya mviringo juu ya kaunta. "Hizi ndizo zinaikamata darubini kwenye bunduki. Ukibana pesa hapa, bunduki ikipiga teke mara tatu, darubini inatazama kwake na mtutu unatazama kwake. Wameshaachana ila wanaishi nyumba moja. Na mwisho, hii." Akaweka kando yao darubini ya mkono, ile ya macho mawili, ya kawaida kabisa.

"Mimi nimesema ya bunduki."

"Ndiyo maana nakupa na hii. Punguza kule, uongeze huku. Mtu asiye na ya mkono, akitaka kuangalia kitu cha mbali, atakiangalia kwa bunduki. Na kila anachokiangalia kwa bunduki, tayari amekilenga. Awe nguruwe, awe jirani anayeanua nguo."

Inspekta akaishika ile ya mkono. "Kuna aliyewahi kuikataa?"

"Hilo sasa ni swali la polisi, afande."

"Umejuaje?"

"Uso wako nimefungia misumari tangu juzi," alisema mama, na akamwonyesha rafuni vifurushi vya gazeti. Katika kimoja, Inspekta alijiona kuanzia kifuani, mkono juu, na nusu ya bomba. Masikio yalimwaka moto. Angeweza kukasirika, na zamani kidogo angekasirika. Lakini hasira inahitaji mtu awe na haki upande wake, na yeye alikuwa hana hata punje.

"Mama yangu," akasema polepole, "nina mtu ndani, na naanza kuamini si yeye. Nisaidie."

Mwenye duka akavua miwani. Utani ulimtoka usoni. "Wengi huikataa. Lakini mmoja aliisukuma kama imemchoma. Mzee mwenye heshima zake, mfuko wa kati kama uliousema. Alitaka ile ya mara ishirini, basi. Nikamwambia, mzee wangu, ukikuza hivyo hata moyo wako ukidunda picha inatikisika, na nguruwe akisogea utaona nywele tu. Akanijibu, 'Mwanangu, mimi nataka kuona uso.' Nguruwe ana uso gani wa kumtia mtu hamu? Kisha akaniomba nimwekee alama ya rangi ya kucha kwenye kigurudumu hiki cha kusafishia picha. Macho yake hayasomi namba ndogo."

"Alama uliiweka wapi?"

"Mita mia tatu."

"Mzee gani?"

Mama alipanga darubini zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Bwana Misitu. Yule mstaafu."

Inspekta hakuandika jina hilo. Hakukuwa na haja. Bwana Misitu alikuwa baba mzazi wa mwalimu aliyepigwa risasi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Konstebo garini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kwa kuchokoza.

Watu watatu wa upande ule wa mji walikuwa na leseni ya bunduki ya kuwindia, na Inspekta alikuwa amewauliza wawili. Wa tatu alikwenda kumpa pole. Alhamisi ile alikalishwa kwenye kiti kizuri, na mzee akamwambia, huku akitazama sakafu, "Sheria ichukue mkondo wake." Inspekta akamsifu moyoni kwa ujasiri. Habari nyingine za mzee alizijua kama mji mzima unavyozijua: kwamba binti yake wa pekee alipomchagua fundi wa mageti, yeye alikataa, wakaoana hivyohivyo, na mzee akaapa mbele ya ukoo kwamba ule ua wao hataukanyaga maisha yake. Hayo yote Inspekta aliyaona kama sababu nyingine ya kumshuku Cheche. Ukishampenda mshukiwa wako, kila kitu kinamshuhudia.

Nyumba ya mzee ilikuwa mgongoni mwa kilima, na shamba lake la muhogo lilipanda mpaka kileleni. Walimkuta barazani, amevaa vizuri, viatu vimepigwa rangi, kama mtu aliyekuwa na safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Tunakagua bunduki zote zenye leseni," Inspekta alisema. "Taratibu tu. Hata za wakubwa."

Mzee alitoa ufunguo shingoni, akawaingiza sebuleni, akafungua kabati la chuma. Bunduki ilikuwa imesafishwa hadi inanukia mafuta. Inspekta aliipeleka dirishani. Juu yake kulikuwa na matundu ya skrubu, na kuyazunguka, mikanda miwili ya chuma kinachong'aa, wakati sehemu nyingine yote imefifia kwa jua na jasho.

"Na darubini yake?"

"Niliivua. Macho ya uzee hayapatani na vioo."

"Uliivua lini?"

"Sikumbuki. Zamani kidogo."

Konstebo alipitisha kidole kwenye ile mikanda, akakitazama. "Hapajashika hata vumbi, mzee."

"Naifuta kila siku," alisema mzee, akikaa kitini.

Jibu lilikuwa zuri. Inspekta aliiweka bunduki mikononi mwa Konstebo, asijue aingie wapi tena. Alikuwa na maneno ya muuza duka na nyasi za njano. Wakili yeyote angevipuliza vyote viwili kama majivu. Na kumbana mzee wa watu ambaye binti yake yumo wodini, halafu iwe pampu nyingine, hapana. Woga huo ulimrudisha kwenye adabu za kawaida. Akanyoosha shati.

"Basi mzee, sisi tunashuka. Binti yako anaendelea vizuri. Na mjukuu hajambo, yuko na jirani, anakula, anacheza."

"Na goti lake?"

Mzee alisema hivyo haraka, kwa shauku, akiwa amejiinua kitini. Halafu alibaki hivyohivyo, nusu amekaa nusu amesimama.

"Goti gani, mzee?" aliuliza Inspekta.

"Watoto huanguka. Nimesema tu. Watoto wote..."

"Ni kweli alianguka," alisema Konstebo kwa upole. "Pale uani, kabla tu ya mlio. Mama yake aliniambia jana wodini. Sijamwambia mtu, hata Inspekta, maana sikuona lina uzito." Akaiegemeza bunduki ukutani. "Aliyeliona goti lile ni mama, na mwenye darubini."

Bwana Misitu akakaa. Uso wake uliisha nguvu kama nguo iliyotolewa kwenye pasi na kutupwa majini.

"Andika," alisema hatimaye. "Andika nilimlenga. Alinivunjia heshima, akaolewa bila ridhaa yangu, nikaweka kinyongo, nikamlenga. Niko tayari kutia sahihi."

Inspekta alitoa kalamu. Hili ndilo alilolifuata. Kwa saini hiyo, kesi ilikuwa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Akairudisha mfukoni.

"Mzee, mtu aliyelenga kwa kinyongo haulizi goti."

"Andika nilivyosema!"

"Ulikuwa unaangalia nini kule chini?"

"Afadhali niitwe muuaji!" Mzee aligonga mkono wa kiti. "Muuaji watu wanamwogopa. Mimi nimekuwa mkubwa wa misitu ya wilaya nzima, leo niitwe nini? Mzee anayechungulia?" Na hapo akalia, bila sauti, mdomo wazi, kama watu wasiozoea.

Maneno yalitoka kidogokidogo. Kiapo kilikuwa kimeshatolewa, na watu walikisikia. Mtoto akazaliwa. Wakamwambia ana macho ya marehemu mkewe. Angeshukaje agonge lile geti, tena geti alilolichomelea yule aliyemkataa? Uso angeuweka wapi? Akawa anapanda kileleni alasiri, haoni kitu ila vidoa.

"Kwa nini hukununua ya mkono?" aliuliza Inspekta. "Mama wa duka alikupangia."

"Mwenye darubini ya mkono anaulizwa anaangalia nini. Mwenye bunduki haulizwi. Analinda muhogo."

"Na risasi?"

"Bunduki ilikuwa tupu siku zote. Nilikuwa naitoa risasi naitia mfukoni, ndipo nalala. Jumatano asubuhi nguruwe waliingia, nikaijaza. Alasiri..." Akatikisa kichwa. "Nilimkuta mtoto ameshatoka nje, nikaogopa nitachelewa. Nikasahau. Alikuwa amebeba ndoo kubwa kuliko yeye, anampelekea mama yake. Akajikwaa, akaja uso chini. Nikamdaka."

Aliinua mkono wa kulia kuwaonyesha, na vidole vyake vikafumba hewa.

"Nilitaka kumdaka tu."

Konstebo aligeuka akatazama nje. Inspekta alikuwa na swali moja ambalo hakupenda kuliuliza, kwa sababu lilimhusu na yeye. "Na Cheche, mzee? Ulijua yuko ndani kwa ajili yako."

"Kila asubuhi navaa viatu nije kusema."

"Halafu?"

"Navivua."

Inspekta aliangalia vile viatu vilivyong'arishwa. Alitaka kumchukia, akashindwa. Na yeye asubuhi ile alikuwa amejificha nyuma ya makoti ya mvua.

"Naomba uandike nilikusudia," mzee alisema tena, safari hii kwa kunong'ona. "Mwanangu asijue kwamba nilikuwa..."

"Siwezi, mzee. Faili hilo lina uongo mmoja tayari, na ni wangu."

Darubini ilitolewa chini ya kitanda, ndani ya gunia la mchele. Walipanda wote watatu mpaka kileleni, maana ushahidi hauna huruma. Nyasi za njano zilikuwa bado zimelala, na kando yake, nyuma ya kichaka, alama za buti zenye matundu: zimekuja, zimesimama, zimerudi. Inspekta alilala kifudifudi akaishika darubini kwa mikono miwili. Uji mtupu. Akazungusha kigurudumu mpaka kwenye kidoa chekundu cha rangi ya kucha, na ghafla ua ule ukaja mbele yake, kamba, vibanio, mlango wa bluu. Jirani alikuwa amekaa kizingitini. Mtoto alikuwa akimlisha kuku kitu kutoka kwenye kiganja, akimkaripia, na mashavu yake yakivimba kila alipokaripia. Mtu angeweza kumhesabu meno.

Inspekta alichelewa kuinuka. Aligundua kwamba alikuwa anatabasamu, na kwamba mzee aliyesimama nyuma yake alikuwa akimwona. Akaifunika lenzi haraka.

Kituo kilikuwa na mahabusu ya wanaume moja tu, mwisho wa korido. Njia nzima Inspekta alikuwa akijiandalia maneno ya kuomba radhi, akiyapanga na kuyapangua, maana yalikuwa yakitoka kama taarifa kwa waandishi. Alipofungua mlango wa chuma yote yalimpotea.

Cheche alikuwa amechuchumaa, ndevu zimeanza kuota. Akasimama.

"Nilikosea," alisema Inspekta. Askari wawili wa zamu walikuwa wakisikia, na akajilazimisha kupaza sauti ili wasikie vizuri. "Nilikutoa mbele za watu kwa kosa ambalo si lako, na nilionywa, sikusikia. Uko huru. Jumatatu nitasema hivyohivyo mbele ya gazeti."

Cheche aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa anamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yamempita Inspekta begani, yakamfikia Bwana Misitu aliyesimama na Konstebo, mikono imefungwa pingu mbele.

"Ulimwona," alisema Inspekta. "Siku ile kilimani. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, afande?" Sauti ya Cheche ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nilipanda kumwomba aje nyumbani. Ndilo tulilogombania asubuhi, mke wangu hakutaka. Alisema aliyeapa ndiye aje. Nikapanda kwa siri. Nikamkuta amelala chini, anacheka peke yake, anamwita mtoto jina. Anamwita polepole, kama yuko naye. Nikaona aibu kumkuta hivyo. Nikarudi, niseme siku nyingine. Sijafika chini, nikasikia mlio."

"Ungesema hayohayo, usingelala humu."

"Ni mkwe wangu. Nimvue nguo mbele ya polisi?"

Kimya kile ambacho Inspekta alikiita hatia, na kukipeleka gazetini, kilikuwa ni hicho tu. Alitamani Cheche amtukane. Hata kofi angelipokea. Lakini Cheche alikuwa amegeuka, ameingia tena ndani ya chumba kile, ameliburuta godoro kutoka ukuta wa kushoto mpaka ukuta wa kulia, na alikuwa akilipangusa kwa kiganja.

"Ule ukuta unatoa maji, baba," alisema. "Kaa huku."

Konstebo alimfungua mzee pingu. Bwana Misitu aliingia kwa hatua za mtu anayevuka mto asioujua kina, akakaa pale alipoonyeshwa, na kabla hajajiweka sawa mabega yake yakaanza kutikisika. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mlango ulikuwa wazi na Cheche alikuwa huru. Hakutoka. Alikaa chini kando ya mkwe wake, si karibu sana, akageuzia uso wake ukutani ili asimwone akilia.

Inspekta alisimama mlangoni na funguo mkononi. Kisha na yeye akageuka, akawapa mgongo.